Hukumu unayo, pesa hujaziona: soma kwanza jina la mdaiwa

Ndugu yangu, nimekuelewa. Umelishinda kesi duka la vifaa vya ujenzi hapo Mbale, Uganda, mwenye duka anasema biashara haina kitu, na kila siku unamwona na gari lake. Unauliza kama bailifu, yaani dalali wa mahakama, anaweza kulikamata.

Jibu limo kwenye hukumu yenyewe. Soma jina la mdaiwa herufi kwa herufi, kisha uombe taarifa zake URSB, ofisi ya serikali inayosajili biashara na kampuni. Mimi nauza nafaka kwa jumla na nimewadai wa aina zote mbili, mtu binafsi na kampuni. Mmoja alikuwa na mhuri wa jina zito, ungedhani shirika. Kumbe ni jina la biashara tu, mwenyewe ni yeye peke yake. Hapo mtu na duka ni kitu kimoja: bailifu alikamata lori lake, na kabla ya mnada deni likalipwa. Kama ni ubia, basi mbia aliyepelekewa samansi binafsi anafikiwa. Ambaye hakupelekewa, huenda ukahitaji kwanza ruhusa ya mahakama.

Wa pili risiti zake zilikuwa na "Ltd" pale chini, kwa herufi ndogo. Kampuni ni mtu mwingine kisheria, kwa hiyo nyumba ya mkurugenzi haiguswi hivi hivi. Sheria ya Makampuni inairuhusu Mahakama Kuu kuwafikia walio nyuma ya kampuni, kwa mfano palipo na udanganyifu au ukwepaji kodi, ila uthibitishe. Kutolipa deni peke yake hakutoshi. Kilichonisaidia ni cheki yake ya zamani: ilikuwa na namba ya akaunti ya kampuni, wakili akaomba amri ya kuzuia pesa zilizokuwa benki. Amri hiyo inawafikia hata wateja wanaodaiwa na kampuni. Tafuta cheki, ankara, chochote.

Jela ya madai, yaani kumfungisha mdaiwa asiyelipa, wengi huikimbilia, mimi siipendi. Mwisho ni miezi 6, chakula chake unakigharamia wewe, na akitoka deni lipo palepale ila kwa hukumu hiyo humfungi tena. Usiharakishwe na hasira. Hukumu inakazika, yaani inatekelezeka, hadi miaka 12.

Kuhusu gari: kabla hujamlipa bailifu, hakikisha kadi inasoma jina la nani. Likiwa la kampuni, ombeni waranti ya kulikamata wiki hii, kabla hajalihamisha.