Maswali Yenu: Muvi za Krismasi, Busu la Mwisho na Theluji ya Karatasi

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu zile muvi za mapenzi za Krismasi zinazotengenezwa kwa ajili ya tivi kule Marekani, za chaneli ya Hallmark na wenzao Lifetime, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki! Barua zimekuja nyingi, nimechagua hizi sita.

Dada, hizi muvi zote ni moja. Dada wa mjini anarudi kwao, anagongana na kaka mwenye shati la drafti, wanagombana, wanaoka biskuti, wanakaribia kubusiana mtu anaingia, wanakosana, wanapatana, busu, theluji, kwisha. Hivi waandishi wameishiwa? – Nimechoka

Mdogo wangu, umeisimulia vizuri kabisa na hujakosea hata kidogo, ila hapo kwenye kuishiwa ndo tunaachana. Anza na saa. Muvi inapewa nafasi ya masaa mawili kwenye chaneli, ukitoa matangazo inabaki kama dakika 84 hivi, na hizo dakika zinakatwa vipande tisa maana kati ya kipande na kipande kuna tangazo. Sasa kila kipande lazima kiishe na kitu kitakachokuzuia usishike rimoti. Kipande cha kwanza ndo kirefu kuliko vyote kwa sababu inabidi uwapende hawa watu kabla tangazo la kwanza halijaingia, na lile busu linalokatizwa, sijui simu imeita, sijui mtoto kaingia, sijui oveni imelia, halipo pale kwa bahati mbaya, limewekwa pale likushikilie. Busu lenyewe linasubiri dakika za mwisho kabisa. Likija mapema umeshalala.

Na mi nauliza, kwani shairi la tarbia si kila ubeti una mistari minne, mizani kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho? Kuna mtu amewahi kumwambia malenga "ameishiwa" eti kwa sababu ubeti wa tano una mistari minne kama ule wa kwanza? Tunamsikiliza alivyojaza. Hizi muvi ndo hivohivo, we mwisho unaujua, unachoangalia ni wamefikaje. Kuna inayojaza vibaya, wale wawili wanagombana kwa kitu ambacho sentensi moja ingekimaliza, hiyo mi nazima kabisa. Alafu kuna inayojaza vizuri, unamwona yule kaka anamshikia dada ngazi wakati anapanda kuweka nyota juu ya mti, anaishika kwa mikono miwili, haongei, haangalii juu, na we uliyekaa hapo unajua tayari.

Anti, ile theluji ni ya kweli? Mbona haiyeyuki kwenye nywele zao?

Macho yako makali! Mara nyingi sio ya kweli. Nyingi zinashutiwa kiangazi, na nyingi zinashutiwa Kanada, hasa British Columbia na Ontario, hata kama hadithi inakuambia tuko Vermont, jimbo la Marekani. Sababu ni hela. Dola ya Kanada ina thamani ndogo kuliko ya Marekani, serikali za kule zinatoa nafuu ya kodi kwa wanaoshuti kwao, mafundi wapo na miji midogo ya kupendeza ipo. Almonte, kamji karibu na Ottawa, kamekuwa "kijiji cha Krismasi" kwenye muvi nyingi mpaka wapenzi wa hizi muvi wanasafiri kwenda kukaona.

Kwa hiyo theluji inatengenezwa. Iliyo mbali chini ya miti ni blanketi za nyuzi nyeupe zilizotandikwa, inayodondoka ni povu au karatasi iliyosagwa, na pale wanapokanyaga wanaweza kumwaga barafu iliyopondwa. Karatasi haiyeyuki ndo maana inakaa tu begani kwa mtu. Ukitaka kuhakikisha angalia midomo yao wakiongea usiku nje, kwenye baridi ya kweli mvuke ungetoka. Angalia na vikombe vya kahawa, mtu anakipunga hewani kama jani, maana mara nyingi ndani hamna kitu. Mi vitu hivi havinipunguzii raha hata kidogo, kinyume chake namwonea huruma na heshima msanii aliyevaa koti la sufu, skafu na kofia kwenye joto la Julai (kule Julai ndo kiangazi) alafu anatetemeka mpaka na mimi navuta shuka. Na wanafanya yote hayo ndani ya siku 15 hivi za kushuti, muvi nzima! Muvi kubwa za sinema zinachukua miezi.

Zinaanza lini?

Msimu wa Hallmark wa "Countdown to Christmas" ulianza 2009, na siku hizi unafunguliwa Oktoba. Miaka ya karibuni imewahi kufika muvi mpya 40 kwa msimu mmoja. Julai pia wanarudisha za zamani. Kampuni yenyewe ni ya kadi za salamu, ipo tangu 1910, na tivi waliingia mkesha wa Krismasi 1951 kwa kudhamini opera, mchezo wa kuigiza unaoimbwa, yaani Krismasi hawajaanza jana.

Dada, naomba nikuulize kwa uchungu. Kwa nini lazima mwanamke ndo aache kazi yake? Kasomea, kapambana, kapanda cheo, anakuja kukutana na muuza miti ya Krismasi wiki mbili tu anaacha yote! Binti yangu anaangalia hizi na mimi. – Mama wa binti mmoja

Mama, hapa sina utetezi na sitaki kuutafuta. Imekuwa hivo mara nyingi mno, na inaniuma vilevile kama wewe. Yule mchumba wa mjini wanamfanya mbaya kwa kosa la kushika simu mezani, kazi ya dada wanaifanya kama ugonjwa wa kuponywa, na kaka wa kijijini haulizwi hata mara moja kama yeye angeweza kuhama. Naelewa wanachotaka kusema, kwamba mtu aliyezidiwa na kazi anatamani mahali ambapo watu wanamjua jina na wana muda naye, hicho kiu ni cha kweli na wanawake wengi tunacho. Ila muda na heshima ya kazi vinaweza kukaa nyumba moja. Zipo ambazo dada anabaki na kazi yake, au anafungua biashara yake palepale kwa ujuzi uleule aliotoka nao mjini, hizo ndo nzuri kuangalia na binti. Na zile zingine muulize tu mkiwa mmekaa, "we ungeacha?" Alafu msikilize.

Anti, mbona sura zetu hazipo? – Mweusi na ninapenda Krismasi

Kwa miaka mingi zilikuwa chache kweli, mtu mweusi ni rafiki wa staa, anatoa ushauri mzuri kisha anapotea. Imebadilika kiasi. Mwaka 2022 Hallmark walianzisha muvi chini ya jina la Mahogany, jina walilonalo tangu zamani kwenye kadi za wateja wao weusi, na Desemba hiyohiyo wakatoa muvi ambayo familia inasherehekea Krismasi na Kwanzaa pamoja. Nyie mnaosoma Kiswahili itafuteni! Kwanzaa ni sikukuu ya Wamarekani weusi, ilianzishwa na Maulana Karenga huko Marekani mwaka 1966, inaanza tarehe 26 Desemba mpaka 1 Januari, na siku zake saba zina majina ya kwetu, Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, Imani. Watu wanasalimiana "Habari gani?" na jibu ni jina la siku hiyo. Lugha hii tunayonunulia sukari, kwao ndo lugha ya sikukuu yao, mi kila nikifikiria nasisimka.

Dada yangu, mume wangu ananicheka. Anasema mtu mzima analiaje kwa kitu ambacho anajua kinavyoisha. Mimi nilikuwa naziangalia na mama, amefariki mwaka huu. Niache?

Pole sana dada, pole mno. Usiache.

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko zote. Mume wako anauliza unaliaje wakati mwisho unaujua, na mi naona mwaka huu ndo unauhitaji zaidi mwisho unaoujua. Umepitia mwaka ambao simu ikiita usiku hujui italeta nini. Sasa unakaa masaa mawili mahali ambapo hakuna atakayekufa ghafla, waliokosana watapatana, na taa zitawaka. Hiyo sio akili ndogo. Na angalia vizuri, nyingi ya hizi hadithi zina mzazi aliyefariki, kuna boksi la mapambo limefungwa miaka kadhaa juu ya kabati, kuna karatasi ya mapishi yenye mwandiko wake, na yule dada anapoifungua anakaa kimya kidogo kabla hajasema kitu. Wanaoandika wanajua nani yuko upande wa pili wa kioo.

Mumeo usibishane naye. Mwambie tu kwamba hii ulikuwa unaangalia na mama, na kiti cha mama kiko wazi. Na yeye akikaa, anza na muvi ambayo mama aliipenda, mwonyeshe mahali alipokuwa anacheka.