Chama cha wafanyakazi kinamfungia mgeni mlango?

Ndugu yangu, umeuliza kama vyama vya wafanyakazi vinawanyima wageni kazi. Inategemea chama kimeshika wapi. Kikishika mlango wa kuajiri, asiye mwanachama hapenyi. Ndivyo ilivyokuwa Marekani kwenye baadhi ya fani mpaka sheria ya Taft-Hartley ya 1947 ilipopiga marufuku kuajiri wanachama peke yao. Kikishika mshahara, mambo ni mengine.

Nimefanya kazi ya dobi hotelini Paje, huku Unguja. Tulikuwa na dada wa Mombasa, tunakunja mashuka naye meza moja, pasi moja tunapokezana, lakini bahasha yake nyembamba kuliko yangu. Hana mkataba, akidai anaambiwa arudi kwao. Na sisi tukiomba nyongeza, tunaonyeshwa yeye: "Huyu mbona anaridhika?" Basi aliyetuumiza hapo ni nani, yeye au bosi?

Chama kikidai malipo sawa kwa kazi sawa, fimbo hiyo inavunjika. Kweli, baadhi ya wageni watakosa nafasi, maana walichukuliwa kwa urahisi wao tu. Atakayebaki atalipwa haki yake. Kibali cha kazi ni suala la serikali, si la chama.

Na tusisahau mgomo wa 1948 hapa Unguja: ulianzia kwa wachukuzi wa bandarini, wengi wao watu wa bara. Wageni hao ndio waliotufundisha kugoma.