Dripu ikikataa kutembea, anza na mkono

Nimeona tena wiki hii. Dripu imesimama, mwanafunzi anavuta saline, yale maji ya chumvi, kwa sirinji ya ml 10 anasukuma kwa nguvu zake zote, mgonjwa anakunja uso, na wenzake watatu wamesimama hapo wanatazama kama ni mechi ya Gor. Wadogo zangu nawapenda lakini mtanipandisha presha, so wacha niandike hapa mara moja nisirudie kila rotesheni.

1. Rangi za kanyula, ule mrija mdogo wa plastiki unaobaki mshipani, mnaziimba vizuri, kijani 18, pinki 20, bluu 22, njano 24, alafu mkifika kitandani kila mtu anashika ile imebaki kwa trei. Mama anavuja damu baada ya kujifungua unamtia bluu ya nini? Kijani ama kijivu, hizo nene, na ziwe mbili, mkono huu na ule.

2. Spiriti ikauke. Na ukishapanguza usipapase tena.

3. Damu ikionekana kwa chemba, lalisha kanyula kidogo, ingia kidogo tu, alafu telezesha plastiki huku sindano umeishika. Ukishairudisha sindano nyuma usiiingize tena ndani ya plastiki, inaweza kukata kipande kikaenda na damu. Ukikosa mara mbili ita mtu, hakuna aibu. Na wagonjwa wetu wa sickle cell wamedungwa tangu utotoni, wanajua mshipa gani bado unafanya kazi, akikuambia "jaribu hapa" jaribu hapo.

4. Torniketi, ile kamba ya kukaza mkono mshipa uonekane. Hii nakaa kidogo kwa sababu ni yangu.

Nilikuwa mwanafunzi, hospitali moja hapa Kisumu sitaitaja. Torniketi ya maana hakuna, tunafunga na glavu, na hata nyinyi mnafunga na glavu nawaona. Akaletwa mzee kutoka upande wa Nyando, ameharisha na kutapika mpaka macho yameingia ndani. Amevaa sweta na shati ya mikono mirefu, mimi nikaona kumvua ni kupoteza wakati, nikakunja tu hadi juu ya kiwiko nikafunga glavu. Kijani ikaingia mara moja, kwa mtu amekauka vile! Nikajiona konsaltanti. Nikabandika strapingi, ile plasta ya kushikilia, nikaunganisha maji ya Ringa, alafu nikamshushia mkono wa sweta asisikie baridi, na hiyo huruma ndiyo ilinimaliza maana glavu ilibaki huko chini imekaza.

Dripu ikadondosha matone mawili matatu ikasimama. Nikainua stendi. Nikafungua rola ya kupunguza matone yote. Nikabadilisha giving seti nzima, yaani mrija wote wa dripu, na hiyo seti ilikuwa imenunuliwa na familia duka la nje. Nikaflashi, yaani nikasukuma saline kwa sirinji, ikaingia kwa shida, nikamwambia "vumilia mzee, mshipa wako uko na valvu." Valvu! Nilikuwa nimezisoma juzi yake. Mzee hakulalamika, wazee wa huku hawapendi kusumbua daktari, na mimi kwa kuwa ni mwanaume hata nikisema ni nesi bado naitwa daktari. Nikajaza kwa chati chupa ya kwanza imeanza, nikaenda chai ya saa nne.

Ni mke wake aliyeona vidole vimebadilika rangi akapandisha sweta. Nimerudi nikamkuta ameshika glavu mkononi, akaniuliza kwa upole kabisa, "Daktari, hii ilikuwa ya dawa?" Dripu nayo inakimbia vizuri. Mkono ulirudi sawa, lakini mtu aliyehitaji maji ya haraka alikuwa amepoteza muda kwa kiburi changu. Inchaji, nesi msimamizi wa wodi, hakunipigia kelele. Alinipa fomu niandike ripoti mwenyewe, alafu akanisimamisha kando nimweleze mama ukweli, na hiyo kuelezea ilikuwa mbaya kuliko kelele.

5. Kwa hivyo sweta ivuliwe. Na dripu ikisimama weka sirinji chini, fuata njia yote kwa macho na vidole: chupa, klampu, mrija umelaliwa, kiwiko kimekunjwa, glavu. Gusa ngozi. Ikiwa imevimba, baridi, inauma, toa kanyula, hakuna kuflashi. Kama kila kitu kiko sawa ndio ujaribu saline pole pole, na ukisikia inakataa acha, ng'oa, tafuta mshipa mwingine.

6. "Ikimbie tu" si oda. 1000 ml kwa saa 8 na seti ya matone 20 kwa ml ni matone 42 kwa dakika. Soma pakiti ya seti, bureti kawaida ni 60.

7. Artesunate, dawa ya malaria kali, haitundikwi kwa dripu kama kwinini jamani. Ichanganye na bikaboneti yake, ongeza saline, sukuma polepole, na itumike ndani ya saa moja, si ile nakuta imekaa kwa trei mpaka lanchi. Damu isipite laini moja na dextrose, maji ya sukari. Potasiamu haisukumwi, hata nani akuambie.

8. Andika tarehe na saa kwa strapingi. Joto la Kisumu linaing'oa kabla zamu iishe, so kausha jasho kwanza ndio ubandike. Na sindano uliyodunga nayo ipeleke wewe mwenyewe kwa sefti boksi, jana mama wa usafi ameokota moja kwa shuka na hatujajua ni ya nani.