Navaratri ukiwa mbali na hekalu: jipimie kwa usiku wa sita

Kila ikikaribia Navaratri, sikukuu yetu Wahindu ya usiku 9 za kumwabudu Mama, yaani mungu wa kike Durga, simu yangu inajaa meseji za wadogo zangu waliopata kazi mikoani, wengine wameolewa huko, na swali ni lile lile, dada huku hakuna hekalu, hakuna garba (ngoma yetu ya kuzunguka taa), nafanyaje? Wengi wao Kigujarati wanakiongea ila kukisoma ni shida, so naandika kwa Kiswahili ambacho sote tunakitumia kutwa nzima.

Mi nimekulia Dar, karibu kabisa na mahekalu ya Kisutu. Pale usiku 9 zinakubeba zenyewe, unavaa chaniya choli unatoka, aarti ipo (ile ibada ya kuzungusha taa mbele ya Mama huku tukiimba), prasad ipo (chakula kilichobarikiwa), watu wanacheza kuizunguka taa mpaka miguu inawaka moto. Halafu kazi ikanipeleka Njombe. Baridi, ukungu, na mtaa mzima Mhindu ni mimi peke yangu.

Mwaka wa kwanza nilitaka kufanya kila kitu. Akhand jyot, yaani taa isiyozimwa usiku na mchana, kufunga siku zote 9, kusoma Devi Mahatmya nzima, kitabu cha sifa za Mama, sura 13 zenye beti zinazohesabiwa 700, na bado naamka saa 11 alfajiri niwahi kazini. Usiku wa nne nikarudi nyumbani kichwa kinapasuka, nikakuta taa imezimika, upepo umepita dirishani. Nilikaa chini pale pale nikalia, nikaona nimemkosea Mama. Nikampigia Ba, bibi yangu. Hakunigombeza. Aliniambia iwashe tena, uombe msamaha, ule, ulale. Halafu akasema kitu ambacho ndo sababu ya kuandika haya yote: usiku wa kwanza kila mtu anaweza, we jiulize usiku wa sita, umetoka kazini umechoka, mvua inanyesha, utaweza kufanya nini? Hicho ndo umuahidi Mama.

Tangu hapo ndo kipimo changu. Nikipanga kitu najiuliza usiku wa sita kitawezekana? Kama hapana nakiacha, na nakiacha bila kuumia. Kilichobaki kwangu kila jioni ni taa moja, aarti moja saa 1 na nusu jioni, kipande kifupi cha kusoma, basi. Saa ile ile kila siku, hata kama mgeni yupo.

Tarehe kwanza, maana hapa wengi wanateleza. Kalenda yetu inafuata mwezi, so Navaratri hii kubwa inahama hama kati ya Septemba na Oktoba (kuna nyingine ya Chaitra, Machi au Aprili). Na siku zenyewe si lazima ziwe 9 kwenye kalenda ya ukutani, mwaka 2025 tulianza tarehe 22 Septemba na Dussehra, siku ya kuhitimisha, ikawa tarehe 2 Oktoba, tithi moja (siku ya mwezi) ilikaa siku mbili, so taa iliwaka usiku 10. Uliza nyumbani au angalia panchang, kalenda yetu ya dini, kabla hujaomba ruhusa kazini.

Kalash sasa, chombo kitakatifu tunachokiweka mbele ya Mama. Kiwe cha shaba au udongo, maji safi ndani, manjano kidogo, punje za mchele, sarafu, popoo, juu majani 5 ya mwembe halafu nazi. Dar hivi vyote ni kugeuka tu nyuma ya nyumba, Njombe hakuna mwembe. Majani ananitumia kaka yangu kwa basi, kayafunga kwenye gazeti lililoloweshwa maji na kuwekwa ndani ya mfuko, yanafika mabichi kabisa. Na nazi naye ndo ananunua, kwa sababu nazi zinazofika huku juu zimeshafuliwa zote, kichwa kitupu, wakati ya kalash inatakiwa ibaki na kishungi chake. Ukienda sokoni mwambie muuzaji mapema, kabla hajashika panga, nifulie lakini kishungi uniachie.

Chini ya kalash tunaotesha shayiri, na hapa nisikilize vizuri. Mwaka ule wa kwanza nilinunua shayiri nyeupe ya supamaketi, nzuri, safi, nikaimwagilia siku 5 haikutoa hata mche mmoja, ikaanza kunuka. Kumbe ile imekobolewa na kusuguliwa, haina uhai tena. Tafuta ya mbegu yenye ganda lake, ukikosa tumia ngano nzima, wengi nyumbani kwetu wanatumia ngano na ni sawa kabisa. Loweka usiku mmoja, tandaza juu ya udongo, funika na udongo mwembamba tu, maji ya kunyunyiza kwa vidole sio ya kumwaga. Huku kwenye baridi nakisogeza chombo karibu na jiko mchana. Chombo changu ni chungu cha Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwa Nyasa, nilikinunua baada ya kukiona tu kilivyo mviringo, kikanikumbusha garbo, kile chungu chenye matundu tunachowasha taa ndani yake. Jina garba lenyewe limetoka kwenye neno la Kisanskriti la tumbo la uzazi, na ile taa ndani ni uhai. UNESCO waliiingiza garba ya Gujarat kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2023, nilifurahi sana, ila kwangu mi garba ni Ba anapiga makofi mawili ya mwanzo halafu wanawake wote wanaingia.

Taa: samli ya ng'ombe na utambi wa pamba. Maziwa ya Njombe ni mazito, samli natengeneza mwenyewe, na ile harufu yake ikiungua ndo inaniambia Navaratri imefika. Weka taa kwenye sinia lenye mchanga, mbali na pazia, na kama una watoto wadogo au unatoka kwenda kazini usiwashe akhand jyot jamani, washa wakati wa ibada tu. Wanaoweza kuikesha, wawe na kataa kengine kadogo pembeni, ukitaka kurekebisha utambi unawasha kwanza hako, ili moto usikatike.

Kufunga mi nafunga siku mbili, ya kwanza na ya nane. Hakuna nafaka, kitunguu wala saumu, chumvi ni ya mawe. Njombe ni nchi ya viazi, so navichemsha, navirusha kwenye samli na bizari nyembamba, pilipili mbichi na karanga zilizotwangwa, ndimu juu. Parachichi na ndizi zipo tele. Sabudana nayo ni nzuri lakini iloweke kwa maji yanayoifunika tu, yakizidi inakuwa gundi. Na ile sabudana ni wanga wa muhogo, so muhogo wenyewe uliochemshwa unakutosha, wazee wetu huku wameula kwenye mifungo miaka mingi na wakauita mogo, jina wamelichukua kwenye Kiswahili. Ukiwa na sukari, una mimba au unanyonyesha, usifunge kabla hujaongea na daktari. Mama hakudai afya yako.

Siku ya nane ni kanya puja, na ndo siku ninayoipenda kuliko zote. Unawaalika mabinti wadogo, unawaosha miguu, unawalisha, kwa sababu siku hiyo Mama yumo ndani yao. Mabinti wa Kihindu sina, nikamfuata jirani yangu, Mkristo, mama wa wasichana watatu, nikamweleza kila kitu wazi, nini kitafanyika na kwa nini, nikamwambia akikataa sitakasirika. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, yaani utawaosha wewe, kwa mikono yako? Nikasema ndiyo. Akawaleta yeye mwenyewe na akakaa. Yule wa mwisho ana miaka 4, miguu ina vumbi jekundu mpaka magotini, maji kwenye beseni yakawa rangi ya matofali, na alikuwa ananiangalia usoni bila kupepesa. Nimefanya puja nyingi Kisutu kwenye umati, ila pale jikoni nilitetemeka. Wakala puri, dengu na halua ya semolina, nikawapa penseli na riboni.

Asubuhi ya Dussehra nanyunyiza maji ya kalash kila chumba, yanayobaki namwagia mparachichi wa uani, miche ya shayiri naiweka chini yake, nazi naipasua nagawa. Mwaka jana nilikuwa nafanya hivyo, yule jirani mama wa wasichana watatu akaniita kwa juu ya ua, akauliza kama jioni taa haitawashwa tena, maana watoto walishazoea kuiona dirishani.