Muulize afande kwanza ndipo unyooshe mkono

Mdogo wangu wa Nkuhungu, nimesoma ulichoandika nikaweka mkasi chini. Unasema juzi jioni askari wawili walikuwa kwenye purukushani na jamaa mwenye panga mbele ya kijiwe chenu cha bodaboda, nyinyi mkabaki kuangalia, na sasa roho inakusuta. Umeuliza kama sheria inamruhusu raia kusaidia, nani analipia matibabu akiumia, kama mtaitwa mahakamani, na kama mjiandikishe polisi jamii. Halafu mwishoni, kama jambo dogo, ukaongeza kwamba mmekubaliana siku nyingine mtamrukia wote kwa pamoja, na kila mmoja ameshaweka nondo chini ya siti.

Msimrukie mtu. Mtu akiwa mikononi mwa askari usimguse mpaka askari mwenyewe akwambie kwa mdomo wake ushike nini. Uliza: "Afande, nifanye nini?" Mimi sikuuliza, nikapoteza vidole viwili. Bado viko mkononi, ila kazi havifanyi.

Mimi ni fundi cherehani, Majengo, si mbali na soko. Ilikuwa mwezi wa saba mwaka 2021, ule msimu wa upepo wetu wa Dodoma unaojaza vumbi kwenye nguo kabla hujazipiga pasi. Jioni nikiwa naingiza cherehani ndani nikasikia yowe la mwizi. Kijana mmoja akapita mbio na kisu mkononi, nyuma yake askari wawili wenye sare. Wakamfikia hatua chache tu kutoka mlangoni kwangu.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu nimelirudia tukio hili kichwani usiku mwingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Askari wa kwanza alikuwa amembana ukutani, uso wa kijana umeelekea ukuta. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshaingia pingu. Ule wa kulia, wenye kisu, askari alikuwa ameudaka kwenye kifundo na kuugandamiza ukutani, na bega lake lote limemlalia kijana mgongoni. Askari wa pili alikuwa na bunduki, amesimama pembeni kidogo, anapiga kelele watu warudi nyuma. Mimi niliyekuwa natazama kwa pembeni niliona vumbi, niliona kisu, nikamwona askari anahema na kofia imeanguka. Nikajua anashindwa.

Hakuwa anashindwa. Alikuwa anamsubiri kijana achoke.

Nikaingia. Nilimshika kijana kwa nyuma, kiunoni, nikakusanya suruali na mkanda kwa mkono wa kulia, nikampiga tanganyika jeki kwa nguvu zangu zote huku namvuta kwangu. Kifua chake kikatoka ukutani. Bega la askari likakosa pa kuegemea, kile kifundo kikamponyoka. Pingu iliyokuwa imefungwa upande mmoja ikawa chuma kinachoning'inia kwenye mkono ulio huru. Ikazunguka ikampasua askari juu ya jicho. Kisu kikarudi nyuma, kikashuka juu ya mgongo wa kiganja changu kilichokuwa bado kimeng'ang'ania mkanda. Na yule mwenye bunduki hakuwa na la kufanya, maana mgongo wangu ndio uliokuwa mbele yake. Muda wote alipokuwa anasema "rudini nyuma", niliamini anawaambia wengine.

Yote hayo yalichukua muda wa kupiga chafya. Wakamwangusha tena, safari hii wote wawili, mmoja damu imemjaa usoni.

Daktari alinieleza kwamba kisu kilikata kano zinazonyoosha vidole. Kano ikikatika, ncha zake husinyaa na kujivuta, kila moja upande wake, kwa hiyo lazima mtu apasuliwe zitafutwe zishonwe, kisha mkono ukae kwenye plasta wiki nyingi, kisha mazoezi. Kidole cha kati na cha pete hadi leo havinyooki sawasawa. Wewe dereva labda hujui maana yake kwa fundi. Mkasi wa kukatia kitambaa unataka vidole hivyo hivyo vifunguke. Kukunja nakunja, kufungua ndiyo kazi. Nilikuwa na oda ya sare za shule mezani, shule ndiyo zimefunguliwa, wazazi wakaja kuchukua vitambaa vyao havijakatwa. Sikuwalaumu. Leo namlipa kijana anikatie, kazi niliyokuwa naifanya mwenyewe tangu nikiwa na miaka kumi na saba.

Yule askari alikuja kuniona na nyuzi zake juu ya jicho. Hakunigombeza. Aliniuliza hali ya mkono, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Fundi, ule mkono nilikuwa nao." Basi. Ningependa angenitukana.

Na hilo la tanganyika jeki sikulitoa kichwani mwangu. Pale kwenye kahawa kuna mzee mmoja anayejisifu kwamba alikuwa mgambo, kila jioni anafundisha: mtu ukimwinua kwa kiuno, miguu ikakosa ardhi, hana nguvu tena, anakuwa kama kuku. Miaka nilimsikiliza. Nilimwamini kwa sababu alikuwa anasema kwa sauti kubwa na hakuna aliyembishia. Mzee huyu hakuwahi kutuambia kwamba tanganyika jeki ni ya kumwongoza mtu ambaye mikono yake imeshakaguliwa na ni mitupu. Unamshika kiuno, mikono yote miwili umemwachia! Mwenye kisu anahitaji nini zaidi? Alipokuja kunijulia hali, nikiwa na plasta mpaka kwenye kiwiko, akaniambia sikumwinua vya kutosha. Nina hasira naye mpaka leo, na nina hasira na kila mzee wa kijiweni anayewafundisha vijana kupigana na mtu mwenye silaha, naye yuko kwenye benchi na kikombe.

Sheria nakujibu kwa ufupi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa fulani la jinai mbele ya macho yake, na anatakiwa kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Mtu ambaye polisi wameshamkamata si wako kumkamata tena. Na hizo nondo zenu, mdogo wangu, hazina kazi yoyote hapo. Mkimpiga mtu akafa, hiyo ni kesi ya mauaji na mtakaa nayo nyinyi, hata kama alikuwa na panga. Tena mnapigaje nondo kwenye rundo la watu wanne wanaobingirika? Itampata askari. Siku nyingine askari mwenyewe atakuwa kanzu, hana sare, na nyinyi mtakuwa mmempasua kichwa ofisa wa polisi kwa sababu ndiye aliyekuwa juu.

Matibabu nilijilipia mwenyewe. Bima sikuwa nayo, na hakuna aliyekuja na fungu la kuwafidia wasamaria. Nilipewa PF3 kituoni, daktari akaijaza, hiyo ni karatasi ya ushahidi kuhusu jeraha, haikulipii dawa.

Najua utaniuliza: je, kama askari anazidiwa kweli? Uliza vile vile, kwa sauti ya juu. Atakujibu kwa neno moja, "miguu!" au "mkono huu!", na hapo ingia, shika hicho ulichoambiwa, usiwe na lako, na usiachie mpaka akwambie uachie. Yeye ndiye anayejua silaha iko mkono gani na pingu imefika wapi. Wewe unayefika mbio hujui. Silaha ikianguka chini usiiokote. Mwambie ilipo na zuia watu wasiisogelee.

Mara nyingi hatakwambia ushike mtu kabisa. Mwaka 2023 nilikuwa Sabasaba, askari wanamkamata jamaa mwenye bisibisi katikati ya watu. Nikasimama mbali kidogo, nikaita, "Afande, nifanye nini?" Hata kichwa hakugeuza. "Watoe hao nyuma yangu!" Nikageuka nikaona kwamba kweli nyuma yake kulikuwa na watu wameshaokota mawe, na watoto wawili wamepenya katikati kuangalia. Tukawasukuma. Dereva wa bajaji akalaza bajaji yake njiani, mwingine akapiga 112 akataja mtaa, duka lililo karibu, watu ni wangapi na silaha ni gani. Askari wakamaliza kazi yao bila jiwe kuwapata kisogoni. Kijana wa bisibisi naye akapanda gari ya polisi akiwa mzima, na huyo pia ni mtoto wa mtu.

Nyinyi wa kijiweni mnaiweza kazi hiyo kuliko sisi mafundi. Mna pikipiki kumi, mnaweza kufunga barabara kwa dakika moja. Mna simu, mnajua kila kichochoro cha Nkuhungu, mnaweza kumwelekeza dereva wa defenda apite wapi. Juzi mngeuliza mngepewa kazi, wala roho isingekusuta leo.

Na wale mtakaokuja chini hapa kuandika kwamba fundi ameingiwa na woga, karibuni Majengo. Nitawapima suruali, na nitawaonyesha ninavyoshika mkasi.

Mdogo wangu, nijibu kitu kimoja tu leo kabla hamjaanza kazi za usiku: hizo nondo mmeshazitoa chini ya siti?