Kabla hujampeleka mtoto Amani au Mkomazi

Wazazi na walimu wenzangu wa hapa Tanga, wanapotaka kuwapeleka watoto wakajifunze habari za wanyama na mimea porini, huanza kwa kuuliza ni hifadhi gani yenye wanyama wengi. Baada ya miaka mingi ya kuongozana na wanafunzi kupanda Usambara na kushuka nyikani, nimejizoeza kujibu kwamba idadi ya wanyama ni jambo la mwisho kabisa kulifikiria. Mtoto aliyeonyeshwa wanyama ishirini kwa siku moja hurudi nyumbani akiwa na majina ishirini, na kabla ya wiki kuisha majina hayo huwa yamepungua sana. Ushauri wangu ni kuchagua swali moja kubwa, kisha kuwapeleka watoto mahali pawili ambapo swali hilo lina majibu yanayopingana.

Kwa sisi watu wa Tanga swali hilo ni maji. Amani, hifadhi ya msitu katika Usambara Mashariki, hupata mvua inayokaribia milimita 2000 kwa mwaka, ilhali Mkomazi, hifadhi ya taifa iliyo nyuma ya milima hiyohiyo, ni nyika kavu ambayo sehemu zake nyingi hazipati hata nusu ya kiasi hicho. Tanzania haina jangwa kamili kama Sahara, lakini kwa mtoto anayetaka kuelewa namna kiumbe anavyoishi pasipo na maji, Mkomazi inatosha na inazidi. Sababu ya tofauti hiyo inaweza kufundishwa kwa maneno ambayo mtoto wa pwani anayasikia nyumbani kila siku, yaani pepo za msimu za kusi na kaskazi. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi huja umebeba unyevu. Ukigonga milima hulazimika kupanda, ukipanda hupoa, ukipoa humwaga mvua upande unaoelekea bahari, na unapovuka kwenda upande wa pili huwa umekwisha kupoteza sehemu kubwa ya maji yake. Nimeona watoto wa wavuvi wakilifahamu jambo hili haraka kuliko wale waliokariri kitabuni maelezo ya kivuli cha mvua.

Msianze safari Amani. Anzeni kwenye shamba la mkonge lililo karibu nanyi. Mkonge ni mmea wa nchi kavu za Meksiko, na uliletwa huku mwaka 1893 na Mjerumani, Dkt. Richard Hindorf, ambaye aliagiza vichipukizi 1000 kutoka Florida, na vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Mtoto wa Korogwe au Muheza hupita kando ya mimea hiyo kila siku bila kuiuliza lolote. Mwache alishike jani, alione lilivyo nene, ahisi nta iliyolipaka juu, kisha mweleze kwamba mmea huu hufungua vitundu vyake vya kupumulia usiku, wakati hewa imepoa, na mchana huvifunga ili maji yasipotee. Somo hilo halina kiingilio wala nauli, na mtoto aliyelipata hufika Mkomazi akiwa na jicho linalojua kitu cha kutafuta.

Amani ni mahali pa kwenda polepole, na hapa ndipo watu wazima hukosa subira zaidi kuliko watoto. Wajerumani walianzisha hapo taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo mwaka 1902, wakapanda mimea ya kila aina kutoka nchi za joto, na bustani yao ya mimea ingalipo. Msitu wenyewe ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake nchini. Barabara kutoka Muheza hupanda kupitia Zigi, na ninapendekeza mshuke hapo langoni, mpime joto kwa kipimajoto cha kawaida, mlipime tena mkifika juu. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1000 za kupanda, na mtoto akiliona hilo kwenye kipimajoto alichokishika mwenyewe hahitaji kukaririshwa.

Mkiingia msituni, chagueni kipande kifupi cha njia, kisichozidi urefu wa uwanja wa mpira, mkae nacho asubuhi nzima. Kila mtoto aokote majani matano yaliyokwisha kuanguka na kuyachora. Wataona kwamba majani mengi yana ncha ndefu iliyochongoka, na mvua ikinyesha, jambo lisilokosekana sana huko, watayaona maji yakiteleza na kudondoka kwenye ncha hiyo. Wainamie mawe yenye kivuli na unyevu, kwani huko huota yale maua madogo ya zambarau ambayo Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wa Tanga, aliyapeleka kwao mwaka 1892, na ambayo leo hupandwa kwenye vyungu madirishani duniani kote. Wasiyang'oe. Mimea ya porini ya jamii hiyo ni michache, na baadhi yake haiko mahali pengine popote isipokuwa katika milima yetu hii.

Kwenye takataka za majani humo huishi pia chura mdogo ambaye wataalamu humwita Nectophrynoides tornieri. Chura huyu hatagi mayai majini wala hana kiluwiluwi. Jike huzaa vitoto vilivyokamilika miguu na mikono. Ninapowaambia watoto hivyo, swali hujitokeza lenyewe: kwa nini chura anayeishi mahali penye maji tele aachane na maji? Mimi siwajibu siku hiyo. Huwaacha wabishane njia nzima ya kurudi kambini, na hoja zao, hata zile za ajabu, zina thamani kuliko jibu langu.

Kuna mti mmoja ambao ninaona haufai kurukwa, nao ni Maesopsis eminii, uliopandwa Amani kama mgeni na sasa umeenea ndani ya msitu wa asili kiasi cha kuwasumbua wahifadhi. Hondohondo hula matunda yake na kuzitawanya mbegu mbali. Kwa hiyo ndege wa msitu, kwa kula tu, anausaidia mti mgeni kuuteka msitu. Watoto wa darasa la sita na kuendelea wanaweza kulibeba wazo hilo bila shida, nalo huwaondolea ile picha rahisi ya kwamba kila kilicho kijani ni chema.

Matembezi ya usiku ndiyo ninayoyapenda kuliko yote, na ndiyo ambayo wazazi wengi huyakatalia ruhusa. Vinyonga wa Usambara, wakiwemo wale wadogo wasiozidi urefu wa kidole, ni vigumu kuwaona mchana, lakini usiku wakilala kwenye matawi rangi yao hupauka, na mwanga wa tochi ukiwapiga hung'aa kati ya majani. Mtoto mwenye umri wa miaka minane anaweza kuwaona wengi kuliko mwongozaji. Nendeni kundi dogo, mwongozaji wa hifadhi mbele na mtu mzima mwingine nyuma, na kila mtoto awe na tochi yake. Msiwashike vinyonga, wala msiwamulike kwa muda mrefu.

Mtakutana na hofu. Kinyonga na bundi wana sifa mbaya katika nyumba nyingi za kwetu. Wapo watoto waliokuzwa wakiambiwa kwamba sauti ya bundi juu ya paa ni taarifa ya msiba. Sioni faida ya kuwacheka wala ya kumdharau bibi aliyewaambia. Huwaomba tu wamtazame ndege mwenyewe, wasikilize anavyolia, waseme anakula nini na anamsaidia nani shambani, kisha nawaacha waamue. Vilevile, mkipata mzee wa kijiji anayeujua msitu, mwamkieni, mketi, mumsikilize kabla ya kumtolea maswali ya daftarini. Wazee wa Kisambaa hutaja miti kwa matumizi yake, kwa dawa, kwa mbao na kwa kivuli cha kukuzia iliki, na mpangilio huo wa maarifa una mantiki ambayo vitabu vyetu vya biolojia vimeiacha nje.

Nyikani mambo hubadilika. Kutoka Korogwe kupita Mombo hadi Same, milima ikiwa kulia kwenu, waambieni watoto waandike kila baada ya nusu saa wanachokiona dirishani: urefu wa miti, rangi ya udongo, mto wenye maji au mchanga mtupu. Lango la Zange liko karibu na mji wa Same. Mkomazi ilikuwa pori la akiba tangu 1951, ikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 3,245, ikipakana na Tsavo ya Kenya. Wanyama hapo hawakusanyiki kando ya barabara kama wale wa Serengeti, na mtoto aliyeahidiwa simba atanuna hadi jioni. Usimwahidi simba.

Mwahidi swala twiga. Mnyama huyu, mwenye shingo ndefu na miguu kama vijiti, husimama kwa miguu ya nyuma ili afikie majani ambayo swala wengine hawayafikii, na anaweza kukaa muda mrefu bila kunywa kwa kuwa maji yake huyapata katika majani hayo. Choroa, swala mkubwa wa nchi kavu, ana njia nyingine: mchana wa jua kali huuacha mwili wake upande joto kiasi ambacho kingemuua mnyama mwingine, ili asitoe jasho, kisha huliondoa joto hilo usiku. Digidigi, ambaye mtamwona akiwa na mwenzake kwa sababu huishi wawili wawili, hupoza damu yake kwa kuhema kupitia pua ile ndefu inayowafurahisha watoto. Hapo ndipo mkonge wa shambani hurudi akilini mwao, na kwa kawaida huwa ni mtoto, si mwalimu, anayesema kwamba choroa na mkonge wote wawili husubiri usiku. Mbuyu uliojaa maji shinani, migunga yenye vijani vidogo, na vichuguu vya mchwa vyenye njia za hewa humalizia somo lenyewe. Kuna pia eneo lililozungushiwa uzio kwa ajili ya vifaru weusi, ambao walikuwa wametoweka Mkomazi kwa ujangili kabla ya kazi ya kuwarejesha. Kalioneni, lakini lisiwe lengo la safari nzima.

Kuhusu usalama nitasema machache. Msituni mtoto achomeke suruali ndani ya soksi kwa sababu ya siafu, na afundishwe kuutambua upupu kabla hajauegemea. Nyikani kila mmoja awe na lita mbili za maji au zaidi, kofia pana, na asishuke garini mahali ambapo askari wa hifadhi hajaruhusu. Nyoka wapo kote kuwili. Anayetazama anapoweka mguu na mkono hapati shida mara nyingi. Akiumwa mtu, msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kubana. Mtulizeni, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, na mkimbilie hospitali. Chakula kiwe kikavu: karanga, tende, ndizi, mihogo ya kuchemsha. Wali wa nazi, pamoja na mapenzi yote tuliyo nayo kwake, huchacha garini kabla ya saa sita.

Epukeni masika, kuanzia Machi hadi Mei, kwa kuwa barabara ya Amani huteleza vibaya. Juni hadi Septemba panafaa zaidi, ingawa usiku wa mlimani una baridi ambayo mtoto wa Ngamiani, hapa mjini Tanga, haijui, kwa hiyo sweta si anasa. Amani iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu na Mkomazi iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), na taasisi zote mbili zina utaratibu wa kupokea wanafunzi, hivyo andikeni barua ya shule mapema badala ya kufika langoni na kuanza kubembeleza. Shule yenye klabu ya Malihai, mtandao wa klabu za uhifadhi za wanafunzi ulioanza mwaka 1980, au ya Roots & Shoots, ambayo mtafiti wa sokwe Jane Goodall aliianzisha Dar es Salaam mwaka 1991 akiwa na wanafunzi 12, huwa na njia rahisi ya kupanga haya.

Mkisharudi, msiwape watoto insha ya "Safari yetu", kwa maana mtapata insha arobaini zinazofanana. Wapeni kazi ya kupima. Maji ya bomba ya Jiji la Tanga hutoka Mto Zigi, ule ule walioukuta Amani, kupitia bwawa la Mabayani, na hilo pekee linatosha kumfanya mtoto aulize mvua ya mlimani inamhusu vipi. Chukueni chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, mkate sehemu ya juu na kuigeuza iwe faneli, mtie changarawe chini kufunika tako lisilo sawa, mwongeze maji hadi yafunike changarawe, na hapo mchore mstari wa sifuri. Kutoka mstari huo gundisheni rula. Iwekeni uwanjani mbali na miti na paa, isomeni kila siku saa tatu asubuhi, mwandike milimita, kisha mpunguze maji hadi kwenye mstari wa sifuri kabla ya kuirudisha. Mkimpata mwalimu wa shule iliyo karibu na Amani na mwingine wa upande wa Same wakafanya vivyo hivyo, badilishaneni takwimu kila mwisho wa mwezi.