Kitoweo kiwe chakula: mlo wa mchana wenye wanga kidogo kwa mfanyakazi anayefanya mazoezi

SWALI

Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 34, ninaishi Nyakato, Mwanza, na ninafanya kazi ya mauzo. Siku nyingi nipo juu ya pikipiki kati ya Igoma, Mabatini na Kirumba, na muda wangu wa chakula cha mchana hauzidi nusu saa. Ninakimbia asubuhi mara tatu kwa wiki na Jumamosi jioni ninacheza mpira. Mchana huwa ninakula kwa mama ntilie, wali maharage au ugali kwa samaki, na ikifika saa tisa usingizi unanishika. Mwezi uliopita niliacha wanga kabisa kwa siku nane. Nilipungua kilo mbili, lakini kichwa kiliniuma kila siku, na Jumamosi miguu ilikuwa mizito kiasi kwamba nilitolewa kabla ya mapumziko. Je, mchana nile nini chenye wanga kidogo ili nisisinzie kazini na nisiishiwe nguvu uwanjani? Je, kinaweza kubebwa tangu asubuhi bila kuharibika? Na mama yangu, ambaye anameza vidonge vya kisukari, anaweza kula vivyo hivyo?

JIBU

Ndugu yangu, nianze na jibu lenyewe kisha nilifafanue. Usiache wanga. Upunguze kwenye mlo wa mchana hadi gramu 30 au 40, ujaze nafasi yake kwa mnofu na mboga za majani, na siku ya mpira uurudishe kwa makusudi. Kuhusu mama, jibu ni tofauti, na ninakuomba usimpe mlo huu kabla hujasoma aya za mwisho.

Sisi tukiulizana habari za chakula husema, "Leo ugali kwa nini?" Jibu likiwa samaki, samaki huyo tunamwita kitoweo, yaani kitu cha kutowelea, cha kuusaidia ugali ushuke. Kwa hiyo tangu kwenye lugha yetu, chakula ni ugali, na sato amekuja kumsindikiza mwenyeji. Mlo wenye wanga kidogo hauhitaji vyakula vya kuagizwa kutoka mbali wala vya bei kubwa. Unahitaji kupindua mpangilio huo, sato awe ndiye chakula na ugali ubaki tonge mbili tatu za kumsindikiza. Mtu anayeishi kando ya Ziwa Victoria ana nafasi nzuri ya kufanya hivyo kuliko watu wengi wa nchi hii, na mimi husikitika ninapoona vijana wetu wakidhani kwamba ni mlo wa watu wa mijini wenye fedha.

Tuangalie hesabu ya sahani yako ya sasa. Gramu 100 za wali uliokwisha kupikwa zina wanga wa gramu 28 hivi. Sahani iliyojaa vizuri, ikiwa na gramu 400 za wali, inakupa wanga unaozidi gramu 110, sawa na vijiko 28 vya chai vya sukari. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kinaongeza gramu 40, ingawa sehemu yake ni nyuzinyuzi ambazo mwili hauzigeuzi kuwa sukari, na soda ya mililita 350 inaongeza gramu 37 nyingine. Katika nusu saa umekula karibu gramu 190, wakati wataalamu wengi wanapozungumzia mlo wenye wanga kidogo humaanisha chini ya gramu 130 kwa siku nzima. Ugali hautofautiani sana na wali, kwa kuwa kila gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina wanga wa gramu 75 au zaidi, na unga wa muhogo unazidi hapo huku ukiwa na protini kidogo mno. Hapa nisahihishe jambo ninaloulizwa kila wiki: dona, mtama na ulezi vina nyuzinyuzi na madini kuliko sembe, na ninavipendekeza, lakini wanga wake unakaribiana na wa sembe. Anayekula bonge kubwa la ugali wa mtama bado amekula wanga mwingi.

Usingizi wa saa tisa una sababu zaidi ya moja. Mwili wa binadamu una saa yake ya ndani inayoshusha uchangamfu kidogo baada ya adhuhuri, hata kwa mtu ambaye hajala. Mlo mkubwa wenye wanga mwingi unaizidisha hali hiyo, kwa sababu sukari hupanda haraka katika damu, insulini, yaani homoni inayoshusha sukari, humwagwa kwa wingi, na baadaye sukari hushuka. Ukipunguza wanga na ukubwa wa mlo wenyewe, utaona nafuu, ingawa siwezi kukuahidi kwamba hutapiga mwayo hata mara moja.

Sasa yale yaliyokupata katika zile siku nane. Misuli ya mtu mzima huhifadhi wanga kwa umbo la glaikojeni, gramu 400 hadi 500 hivi, na ini huhifadhi takriban gramu 100. Kila gramu ya glaikojeni hukaa na gramu tatu hivi za maji. Unapoacha wanga ghafla, akiba hiyo huisha na maji yake hutoka, ndiyo maana sehemu kubwa ya zile kilo mbili ilikuwa maji, si mafuta. Pia insulini ikishuka, figo huachia chumvi nyingi zaidi kwenye mkojo, na wewe ulikuwa unatokwa na jasho juani juu ya pikipiki. Huenda kichwa chako kiliuma kwa upungufu wa maji na chumvi. Na miguu ilikuwa mizito kwa sababu mpira ni mchezo wa kukimbia kwa kasi na kusimama, tena na tena, na mbio za namna hiyo hutegemea glaikojeni, ambayo wewe ulikuwa umeimaliza.

Kwa mama ntilie, kwa hiyo, usibadilishe mahali unapokula, badilisha unavyoagiza. Mwambie mapema, kabla hajapakua, kwa sababu akishapakua utaona vibaya kurudisha chakula: "Mama, naomba samaki mzima, mboga za majani mara mbili, na ugali wa tonge mbili tatu tu." Sato wa kukaanga au wa mchuzi mwenye mnofu wa gramu 130 anakupa protini ya gramu 34 hivi bila wanga wowote, na bahati nzuri wapishi wengi wa hapa humkaanga sato bila kumpaka unga. Kwa anayetaka kupunguza mafuta, wa mchuzi ni bora kuliko wa kukaanga. Mboga ziwe mchicha, matembele, kisamvu, mlenda au kabichi, yoyote iliyopo. Wenye asili ya Usukumani wanaijua nsansa, yale majani ya kunde au mgagani yaliyokaushwa na kuungwa kwa karanga zilizotwangwa. Ukiipata kwenye sahani yako pamoja na samaki, sina cha kuongeza. Maharage pia usiyaogope, yala nusu kikombe, lakini siku hiyo ugali upungue. Na soda iwe maji.

Chakula cha kubeba kinahitaji uangalifu zaidi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimeona watu wakiugua tumbo kwa nia njema. Chakula kilichopikwa hakipaswi kukaa katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili, na ndani ya mkoba ulio juani nyuma ya pikipiki muda huo ni mfupi zaidi. Wewe unatoka nyumbani saa moja asubuhi na unakula saa saba mchana, ambazo ni saa sita. Samaki wa mchuzi kwenye kontena la plastiki hawezi kustahimili hapo. Una njia mbili. Ya kwanza ni chombo kizuri cha kutunza joto, ambacho kwanza unakijaza maji yanayochemka kwa dakika kumi, unayamwaga, kisha unaweka chakula kikiwa bado kinatoa mvuke, kwa lengo la kukifanya kisishuke chini ya nyuzi joto 60 hadi unapokula. Ya pili ni baridi. Unagandisha chupa ya maji ya nusu lita usiku kucha, asubuhi unaifunga pamoja na chakula kilichotoka kwenye friji, na mchana maji hayo yatakuwa yameyeyuka na utayanywa.

Kwa njia hiyo ya baridi mlo wangu ninaoupenda ni rahisi: mayai matatu ya kuchemsha yasiyomenywa, ambayo yana protini ya gramu 18 hivi na wanga usiofika gramu mbili, parachichi ambalo hulikati hadi dakika ya kula, tango na nyanya nzima, na kisu kidogo, pamoja na karanga za kukaanga za kujaza kiganja, gramu 30 hivi, zenye protini ya gramu nane. Mtu asiye na friza nyumbani aache mayai, achukue karanga, parachichi na dagaa wakavu.

Kuhusu dagaa, naomba tuwape heshima yao. Ukienda soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba, usinunue kwa kutazama fungu kwa mbali. Chukua wachache kiganjani, wasugue kwa kidole gumba, kisha wamimine na utazame kiganja kimebaki na nini. Waliokaushwa chini huacha mchanga ambao utauhisi kwenye meno hata uoshe mara tano. Waliokaushwa kwenye vichanja bado wana mng'ao wa fedha, matumbo hayajapasuka, na harufu yao ni ya samaki, si ya ukungu. Nyumbani ondoa vichwa, waloweke dakika chache kwenye maji ya vuguvugu, waoshe mara tatu na uwachuje hadi maji yaishe. Kisha waweke kwenye sufuria kavu juu ya moto wa wastani, ukigeuza bila kuacha, mpaka uwasikie wakianza kulia wanapogonga ukingo wa sufuria. Hapo ndipo unaongeza kijiko kimoja cha mafuta, tangawizi, pilipili na chumvi kidogo, uendelee kugeuza hadi wawe wakavu kabisa. Usitie nyanya wala kitunguu nyumbani, kwa kuwa unyevu ndio unaowaharibu. Beba nyanya, kitunguu na limau vikiwa vizima, uvikate na kuchanganya wakati wa kula. Gramu 40 za dagaa wakavu, ambazo ni viganja viwili hivi, zina protini inayozidi gramu 20, na kwa kuwa unawala na mifupa yao, unapata madini ya kalsiamu ambayo mnofu wa sangara hauna kwa kiasi hicho. Inachukua dakika 20, na ukipika Jumapili usiku na kufunga vizuri kwenye friji, unao wa kutosha hadi Jumatano.

Siku unazokimbia asubuhi, kama mbio ni za mwendo wa wastani na hazizidi saa moja, huhitaji kuongeza wanga mchana. Protini na maji vinatosha. Ongeza pia supu ya samaki au chumvi kidogo kwenye chakula kwa wiki ya kwanza ili kichwa kisiume, isipokuwa kama umewahi kuambiwa una shinikizo la juu la damu. Jumamosi ni tofauti. Mchana wa siku hiyo kula ugali au viazi vitamu kama ulivyozoea, saa tatu hivi kabla ya mchezo, na nusu saa au saa moja kabla ya kuingia uwanjani kula ndizi mbivu moja, ambayo ina wanga wa gramu 27 hivi. Matobolwa pia yanafaa sana, kwa sababu ni viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na kwa uzito uleule wanga wake ni mara tatu hivi ya kiazi kibichi. Ndiyo sababu hiyohiyo ninakukataza kuyatafuna ofisini siku ya Jumanne ukidhani ni kitu kidogo cha kupitishia muda.

Sasa mama. Kwa mtu mwenye kisukari, kupunguza wanga kunaweza kushusha sukari vizuri, na hatari yenyewe inatokana na hapohapo. Baadhi ya vidonge, kama vile glibenclamide na gliclazide, huilazimisha kongosho kutoa insulini bila kujali mama amekula nini. Akila samaki na mchicha peke yake huku akimeza dozi iliyopangwa kwa ajili ya sahani ya ugali, sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi, akatetemeka, akatokwa na jasho jembamba, akachanganyikiwa, na hata kuzimia. Vipo pia vidonge vinavyotoa sukari kwa njia ya mkojo, ambavyo vikichanganywa na mlo wenye wanga kidogo sana vinaweza kufanya damu ijae tindikali hata kama kipimo cha sukari kinaonekana cha kawaida. Na kama figo zake zimeanza kuchoka, wingi wa protini ninaokupendekezea wewe haumfai.

Kwa hiyo asibadilishe chochote wiki hii. Andika kwenye karatasi anachokula asubuhi, mchana na usiku kwa siku saba, pamoja na vipimo vya sukari kama mna kipimo nyumbani, kisha umsindikize kliniki akiwa na karatasi hiyo na pakiti zote za dawa zake, si majina ya kukumbuka kichwani. Mwambieni daktari kwamba mnataka kupunguza ugali na wali, aamue kwanza kuhusu dozi na kipimo cha figo. Kama ana aina ya dawa nilizozitaja mwanzo, kuanzia leo awe na sukari au glukosi kwenye mkoba wake, na wewe na wote mnaoishi naye mjue ilipo.